Bonde Nililoligeuza Ziwa

Siku niliyomaliza masomo ya jiografia pale Kasongo, dada zangu walinimwagia poda kichwani kunipongeza mpaka nikapiga chafya mbele ya wageni. Tangu siku ile ninangoja kazi. Mtu akiniuliza ninafanya nini siku hizi, ninapima kwanza sauti yake, kama anauliza kweli au ananicheka, na ninapomaliza kupima amekwisha kwenda zake.

Katika kungoja huko nilijifunza kazi moja isiyolipa: kutengeneza ramani za mchezo wa vita wa kompyuta. Si ule wa kukimbia na kufyatua risasi. Huu ni wa polepole, wachezaji wawili wanapokezana zamu, na uwanja wake umekatwa katika vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Unasogeza kikosi chumba kwa chumba. Barabara inakubeba, msitu unakula nguvu zako, matope yanakula zaidi, na kikosi kilichotengwa na chakula kinakufa chenyewe bila kupigwa. Hilo la chakula ndilo lililonivuta. Kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba vita huua kwa njaa kabla ya kuua kwa risasi, na nilishangaa kuona kwamba watu wa mbali nao wanalijua.

Waliouza mchezo waliufunga pamoja na ramani zao wenyewe: theluji, mashamba ya ngano, miji ya mawe. Lakini mtu mmoja asiye wa kampuni ile aliufungua kwa pembeni, kama unavyofungua kopo la sardini kwa kisu, akatengeneza chombo cha kuchorea ramani mpya na kukiweka bure kwenye mtandao. Kampuni haikumtambua. Yeye mwenyewe aliandika kwamba chombo kikiharibu mchezo wako, usimlilie. Onyo lile nililisoma mara nyingi kuliko maelezo ya kazi. Nilinakili mchezo wote mahali pengine, kisha nikainakili nakala, ndipo nikathubutu kugusa.

Nikachora kwetu. Nilikuwa nimechoka kupigania theluji ambayo sijawahi kuishika. Katika ramani zote za dunia nilizoona, sisi ni doa la kijani na mto mmoja. Nilitaka, angalau ndani ya mchezo, pawepo na barabara kutoka Kasongo mpaka Kabambare, na Lusangi, na vijito vyote ambavyo pikipiki inazama ndani yake.

Chombo kilikuwa na ukaidi wake. Kilikubali kusoma vipimo vya mwinuko wa ardhi vinavyochukuliwa kutoka angani, lakini kilisoma vilele vya miti kana kwamba ni udongo. Kila msitu mnene ukawa kilima, na kila mahali watu walipokata miti wakalima pakawa shimo. Nilisawazisha vilima vya uongo kwa mkono, kimoja kimoja. Mito haikupita ndani ya vyumba bali kwenye kingo zake, na Luama ilitaka kukunjwa kwa pembe kama karatasi. Madaraja ndiyo yaliyoninyima usingizi. Chombo kinajua mambo mawili tu: daraja lipo, au daraja halipo. Nikamwuliza rafiki yangu, dereva wa pikipiki anayefanya safari za Kabambare.

"Daraja ya kule inapitisha mutu?"

"Inapitisha."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Mvua ikinyesha, anapita mwenye kupita."

"Sasa niandike iko ao haiko?"

"Andika iko. Lakini weka na Mungu pembeni."

Hapakuwa na mahali pa kumweka Mungu. Nikaandika lipo, kisha nikafuta, kisha nikaandika tena.

Baada ya madaraja nikafika kwenye rangi. Kila chumba lazima kiwe na mwenyewe: bluu au nyekundu. Rangi ya tatu haipo. Ukikiacha chumba bila mwenyewe, mchezo unajifunga bila neno mara unapoanza zamu ya kwanza. Maji peke yake ndiyo hayana mwenyewe. Na kikosi hakipati chakula ila kwenye vyumba vya rangi yake. Nilimwandikia yule mwenye chombo, nikamwuliza kama kuna njia ya kuonyesha ardhi inayolimwa na mmoja na ambayo ni ya mwingine. Alijibu kwa adabu kwamba hakuelewa swali. Sikumlaumu. Swali lile hata sisi hatuliulizi kwa sauti.

Nilikuwa ninafikiria bonde la mjomba wangu, kaka wa mama, karibu na Lusangi. Analima mpunga pale, na baba yake alilima palepale. Lakini bonde ni la ukoo mwingine, ambao mkubwa wao siku hizi ana duka pale Kabambare. Kila baada ya mavuno mjomba anawapelekea jogoo na chumvi ndani ya kikapu. Kikapu kile hakirudi kitupu: wenye bonde wanatia ndani konzi moja ya mbegu ya mpunga. Konzi ile ndiyo ruhusa ya msimu unaofuata. Hakuna anayesema "nimeazima", hakuna anayesema "ni letu". Mtoto akiuliza bonde lile ni la nani, anajibiwa: "La mpunga."

Kwenye ramani yangu kijiji cha mjomba kilikuwa upande wa bluu. Nilijaribu kulitia bonde rangi nyekundu, upande wa Kabambare, nikacheza peke yangu pande zote mbili. Kikosi cha kijijini kikaanza kufa kwa njaa kabla adui hajavuka Luama. Nikarudia kwa njia nyingine, kikafa tena. Nikalitia bluu. Ilikuwa hesabu ya chakula, si hesabu ya ardhi, na mpaka leo ninasema hivyo, ingawa sasa hakuna anayenisikiliza.

Pale Kasongo tulichezea kwenye nyumba moja ya kuchajia simu, mchana, jua likiwa kali na pano za umeme wa jua zikijaza vizuri. Ramani ya kwetu iliwatia watu wazimu. Walioishi mjini tangu kuzaliwa walianza kujigamba kwa vijiji vya babu zao. Mmoja alikataa kushambulia kwao hata aliposhindwa. "Shangazi yangu iko pale," alisema, "miye sitapiga." Yule rafiki yangu dereva, ambaye hakuwahi kushinda hata mara moja, alichapisha ramani kwenye karatasi kubwa ili apange mashambulizi yake akiwa njiani, akaikunja ndani ya koti. Chini ya karatasi kulikuwa na jina langu na shahada yangu. Chombo kina nafasi ya kuandika mtengenezaji ni nani, nami nikajaza yote, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine duniani paliponiomba niyataje.

Alipofika Kabambare akasimama dukani kununua sabuni. Akaitandaza karatasi juu ya meza ya duka awaonyeshe watu jinsi kwao kulivyochorwa. Mwenye duka, yule mkubwa wa ukoo wenye bonde, akaona bonde lao.

"Hii rangi ni ya nini?"

"Ya wenye eneo, muzee. Lakini ni mambo ya mchezo."

Rafiki yangu anaapa kwamba alisema sentensi zote mbili. Mwenye duka akaiomba ile karatasi, akampa sabuni bure.

Mjomba akanipigia simu. Hakuuliza habari za nyumbani, na hapo nikajua. "Mupwa," akasema, "kuja. Kuja na ile ordinateri."

Nilisafiri nyuma ya rafiki yangu yuleyule, kompyuta nimeifunga kwenye plastiki tumboni, na njia nzima nilitunga majibu. Nilitunga majibu ya maswali ambayo hakuna aliyekuja kuyauliza.

Tulikaa kwenye baraza la kapita, mkuu wa kijiji. Wanaume mbele, wanawake pembeni wakichambua maharagwe, maana hawakuona sababu ya kupoteza mchana kwa ajili yangu. Mwenye duka alikuwa amekwisha kunakili ramani na kila mzee alikuwa na nakala yake magotini. Nitasema ukweli wake: hakuwa mtu wa kelele. Ana watoto wa kiume wengi. Wachimbaji wa dhahabu walikuwa wanazidi kumiminika upande wa Lusangi, na wachimbaji wanakula wali. Yeye ndiye aliyekuwa akinunua mpunga wa bonde lake mwenyewe kwa mjomba wangu.

"Karibu, jenerali," akasema.

Watu wakacheka. Nikasalimia, nikaanza: "Muzee, huu ni mchezo tu."

"Mchezo. Sawa. Lusangi iko humu?"

"Iko."

"Luama?"

"Iko."

"Hata ile kona pikipiki zinaangukaka, iko?"

"Iko, muzee."

"Sasa juu ya nini vyote viko vya kweli, rangi peke yake njo ya mchezo?"

Wazee wakaguna. Nikaona njia ya kutokea, njia nzuri, ya mantiki, nikaishika kwa mikono miwili. Nikawaeleza habari za chakula. Nikasema kwamba ningetia bonde rangi nyingine, watu wa mjomba wangekufa njaa, nilikwisha kujaribu, walikufa kila mara.

Mwenye duka akawageukia wengine polepole. "Mumesikia? Mashini yenyewe inajua. Bila bonde yetu, hawa hawakuli. Imejua hiyo, na bado imelitoa kwetu."

"Miye sikumutuma," mjomba akasema. Alikuwa anaangalia ndala zake.

"Hukumutuma, shemeji. Lakini nani alimusomesha? Mpunga ya wapi ilimusomesha?"

Hata mimi nilijua mpunga wa wapi. Mama alikuwa akipokea magunia kutoka kwa kaka yake kila mwaka wa masomo yangu. Shahada iliyoandikwa chini ya karatasi ilikuwa imeota bondeni.

Kapita hakupenda kesi. Alitaka tumalize kabla mvua haijafika. "Mutoto," akaniambia, "si weye njo ulitia rangi? Geuza hapa mbele yetu. Tia ya wenyewe, tuende kula."

Mjomba aliinua kichwa akaniangalia. Ndiyo mara pekee aliyoniangalia siku ile. Nikafungua kompyuta, nikaweka kidole, na akili yangu ikaanza kukimbia kama inavyokimbia siku zote, kila upande kwa wakati mmoja. Nikitia nyekundu, nitakuwa nimeandika mbele ya kapita, kwa jina langu, kile ambacho babu alikufa bila kukisema. Bonde litakuwa lao kwa karatasi, na konzi ya mbegu itageuka fadhila, na fadhila hukatwa. Nikiacha bluu, mjomba ni mwizi. Nikizima kompyuta, ni mwizi mwenye mpwa mwoga. Watu walikuwa wanangoja. Nikakumbuka kwamba maji hayana mwenyewe.

Nikaligeuza bonde ziwa. Chumba kwa chumba, mpaka rangi yote ikaisha. Nikahifadhi, kisha nikawageuzia kioo.

"Sasa si ya mutu," nikasema. Ninakiri kwamba kwa muda mfupi sana niliona fahari.

Kisha sauti ya mke wa mjomba ikatoka upande wa maharagwe. "Mutoto. Mpunga yangu iko chini ya ile maji?"

"Mama, ni rangi tu."

"Mpunga iko inachanua sasa hivi! Siku zote naamka kufukuza ndege, na weye unakuja na ile kitu yako kuitosa?"

Baraza zima likaangua kicheko. Rafiki yangu dereva, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake, alicheka mpaka akajipiga paja. "Jenerali ameshinda pande zote mbili!" Hata kapita alificha mdomo. Mwenye duka ndiye hakucheka. Alingoja kicheko kiishe, akasimama, akazungumza kwa utulivu wa mtu aliyepewa zaidi ya alichokuja kuomba.

"Siye tulikuwa tunabishana bonde ni ya nani. Huyu amesema bonde isiweko. Mutoto wa kwenu, mwenye masomo, mbele ya kapita, ametosa udongo yenye ilimulisha. Miye sina neno ingine. Mutu akipenda shamba, hata katika mchezo hawezi kuitosa mu maji."

Nilitaka kusema kwamba lile ziwa lilikuwa heshima. Kwamba kati ya watu wote waliokaa pale, mimi peke yangu ndiye niliyejaribu kuliacha jambo bila kutajwa, kama wazee walivyoliacha, na kwamba chombo hakikunipa namna nyingine. Maneno yote yalikuwepo, yamepangwa vizuri. Mvua ikaanza, kila mtu akachukua kiti chake.

Mjomba aliruhusiwa kuvuna. Alivuna, akapeleka jogoo na chumvi kama kawaida, jogoo mkubwa kuliko wa miaka yote. Kikapu kikarudi kitupu. Tena kilikuwa kimeoshwa. Mke wa mjomba alikipokea mlangoni, akatia mkono ndani hata hivyo, akapapasa mpaka kwenye kona za chini. Msimu uliofuata watoto wa mwenye duka waliingia bondeni na majembe mapya.

Ninajua kwamba alikuwa anatafuta sababu. Ninajua kwamba bila ramani yangu angeipata nyingine, jogoo mdogo, chumvi yenye maji, maamkizi yaliyochelewa. Nimeyafikiri haya mara nyingi na kila mara hesabu inanitoa salama. Lakini sababu zile nyingine zisingekuwa na jina langu chini yake. Mjomba hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu, ningejitetea, na kujitetea ndicho kitu pekee ninachokijua vizuri. Ananisalimia, anauliza kama nimepata kazi, ananipa kiti. Mama naye siku hizi ananunua mchele sokoni, anapepeta, anatoa mawe moja moja.

Na ramani? Chombo hakina njia ya kurudi nyuma baada ya kuhifadhi, na nakala zangu zote nilizozitunza kwa hofu zilikuwa za mchezo, si za ramani. Kwa hasira, au sijui kwa nini, niliipandisha kwenye mtandao jinsi ilivyokuwa. Watu wa nchi nisizozijua wanaicheza. Mmoja aliandika kuisifu. Alisema ziwa lile la katikati limewekwa kwa akili nyingi, linawalazimisha wachezaji kuzunguka.

Sasa mjomba amefyeka msitu upande wa mlimani, mbali, kwenye ardhi ya ukoo wake mwenyewe, ambayo ni yake na ya ndugu zake wote waliotoka kwa babu mmoja. Mpunga wa mlimani ni mchovu, lakini unaota. Juzijuzi alikuja Kasongo kwa baiskeli, mchana, amejaa vumbi mpaka kope. Nikamletea maji ya kunawa na ya kunywa. Alikunywa yote kabla ya kusema.

"Mupwa, ile shamba mupya. Nataka uitie mu ordinateri."

Nilifikiri sikusikia. "Kwa kucheza?"

"Kwa karatasi. Utie rangi. Utie jina yako na masomo yako chini, sawa ile ingine."

"Rangi ya nani, mujomba?"

"Yangu."

Nikamweleza kwamba kule ni kwa ukoo wote. Nikawataja ndugu zake, nikamkumbusha kwamba wao pia ni wajomba zangu, na kwamba siku moja watoto wao watakuja kulima na kuikuta karatasi. Alinisikiliza vizuri, kama anavyosikiliza siku zote.

"Wao hawajakuja kukuomba," akasema. "Miye njo wa kwanza."

Nikamwambia kompyuta haina moto, betri imekwisha, pano ya jirani imeharibika, labda wiki ijayo. Mjomba akatikisa kichwa kwa kuelewa, akatoka uani. Nikamsikia akifungua kamba za mpira kwenye baiskeli. Akarudi amekumbatia betri kubwa ya pano, imefungwa ndani ya kitenge cha mke wake, akaiweka chini mbele ya miguu yangu kwa uangalifu.

"Iko muzima," akasema. "Nimeichaji kwanza ndiyo nikatoka."

Kisha akavuta kiti karibu, akaketi ubavuni mwangu mahali anapoweza kuona kioo, akaniuliza ni rangi gani inayoonekana vizuri zaidi kwenye karatasi.